Ziara ya Siku Moja katika Majumba ya Kale ya Unguja

Wahenga walisema: usione vyaelea, vyaundwa. Methali hii yafaa kuzingatiwa na kila mwalimu anayekusudia kuwapeleka wanafunzi wake kuyatazama majumba ya kifalme ya Unguja. Jumba la kifalme, hata likiwa limebakia nguzo tu na kuta zilizoota magugu, humfanya mtazamaji amkumbuke yule aliyelala ndani yake na kumsahau yule aliyelijenga. Jina la mwenye nyumba limo vitabuni. Jina la aliyebeba mawe ni nadra kuandikwa. Hapana budi, basi, ziara ya namna hii ipangwe kwa makini, ili mwanafunzi arudi nyumbani akiwa amejifunza habari za pande zote mbili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ziara ya siku moja, ya kutoka mjini Zanzibar hadi katika majumba ya jirani na kurudi, inavyoweza kuwa somo kamili la historia. Vituo vyake ni vitano: Dunga, Kidichi, Mtoni, Maruhubi, na hatimaye ufuko wa Mji Mkongwe. Vituo hivyo vyote vimo upande wa kati na wa magharibi wa kisiwa, na gari moja laweza kuvizungukia baina ya asubuhi na alasiri.

Matayarisho

Wiki moja kabla ya safari, mwalimu aombe ruhusa kwa idara inayosimamia mambo ya kale, na aulize ni sehemu zipi ziko wazi na zipi zimefungwa kwa ajili ya matengenezo. Magofu yamezungukwa na vijiji na makazi ya watu. Kwa hiyo ni adabu njema pia kumpelekea taarifa sheha wa mahali. Darasa ligawanywe katika vikundi vinne. Kikundi cha kwanza kichukue futi na kamba, kazi yake iwe kupima vyumba na unene wa kuta. Cha pili kichore ramani na milango. Cha tatu kisikilize masimulizi ya wazee na ya waongozaji, na kuyaandika kama yanavyosemwa. Cha nne kiangalie vifaa vya ujenzi: mawe, chokaa, miti, marumaru na vigae.

Gari liondoke mjini saa moja asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Kila mwanafunzi achukue maji, chakula cha mchana na kofia. Hayo yaonekana kuwa mambo madogo, lakini mwanafunzi mwenye kiu hasikilizi historia.

Kuanzia Dunga

Desturi ya wageni wengi ni kuanza na majumba ya pwani, na Dunga huachwa kabisa. Mpango huo una kasoro kubwa, kwani humfanya mwanafunzi adhani kwamba habari za utawala Unguja zilianza siku Seyyid Said bin Sultan alipofika kutoka Omani. Twapendekeza, basi, gari lishike kwanza njia ya Chwaka, hadi Dunga, katikati ya kisiwa.

Hapo ndipo palipokuwa na jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu. Kabla ya Masultani wa Kiomani kuweka makao yao Unguja, kisiwa kilikuwa na watawala wake wa jadi. Mmoja wao, Mwana Mwema Fatuma, alikuwa malkia katika karne ya 17, zama za mapambano baina ya Wareno na Waomani. Jumba la Dunga lilijengwa na Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed baina ya mwaka 1846 na 1856.

Mwalimu awatake wanafunzi waitazame miaka hiyo vizuri. Mwaka 1846 Seyyid Said alikwisha kuwa na nguvu kubwa Unguja. Mwinyi Mkuu alibakiwa na madaraka juu ya wenyeji wake, na kodi ya kichwa ilikusanywa kupitia kwake, lakini bandari, forodha na biashara ya nje havikuwa mikononi mwake. Kumbe jumba kubwa la Dunga lilijengwa wakati ambapo enzi ya mwenyewe ilikuwa imekwisha punguzwa. Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed akafariki mwaka 1873, na cheo cha Mwinyi Mkuu kikakoma. Siwa na ngoma za utawala, ambazo zilikuwa alama za enzi hiyo, zilikuja kuhifadhiwa katika makumbusho ya mjini. Swali la kujadiliwa hapa ni hili: je, ukubwa wa jumba ni kipimo cha ukubwa wa madaraka?

Kikundi cha masimulizi kitasikia Dunga habari ya kutisha, kwamba damu ya watumwa ilichanganywa na chokaa ili kuta ziwe imara. Mwalimu asiipokee habari hiyo kama jambo lililothibitishwa, wala asiicheke. Hatuna ushahidi wa kuithibitisha. Hata hivyo masimulizi hayazuki bure. Watu wanaposimulia kwamba ukuta umejengwa kwa damu, wanatunza kumbukumbu ya namna watu walivyotendewa katika zama hizo. Mwanahistoria huuliza mambo mawili: je, jambo hili lilitokea? Na kwa nini watu wameendelea kulisimulia?

Hamamu za Kidichi

Kutoka Dunga gari lirudi upande wa magharibi, kupitia maeneo ya mashamba, hadi Kidichi, karibu na Bububu. Hapa hapakubaki jumba bali hamamu, yaani nyumba ya kuogea, aliyoijenga Seyyid Said kiasi cha mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, aliyekuwa wa ukoo wa Shah wa Uajemi. Mapaa yake ya kuba na mapambo ya chokaa yaliyochongwa maua, mitende na ndege ni ya mtindo wa Kiajemi, nadra sana katika kisiwa hiki.

Kituo hiki ni kifupi, lakini kina somo lake. Bwana na bibi walipumzika hapa walipokuja shamba. Shamba lenyewe lilikuwa la nini? Jibu linaota pande zote za njia: mikarafuu na minazi. Seyyid Said aliwataka wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na kwa muda mfupi Unguja na Pemba zikawa mashuhuri duniani kwa karafuu. Kazi ya kufyeka misitu, kupanda, kupalilia, kuchuma na kuanika ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa. Mapambo ya hamamu yalilipwa kwa mavuno hayo. Mwanafunzi akilishika hilo Kidichi, atayaelewa majumba yote yanayofuata.

Mtoni

Kutoka Bububu njia ya pwani hurudi mjini, na Mtoni ndiyo kituo kinachofuata. Hili ndilo jumba kongwe la Seyyid Said katika Unguja. Lilijengwa katika miaka ya mwisho ya 1820 na mwanzo wa 1830. Hapa ndipo alipozaliwa Salme binti Said mwaka 1844. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotolewa mwaka 1886, ni mojawapo ya maandishi machache yanayotueleza maisha ya ndani ya majumba haya. Humo anasimulia ua mpana wenye tausi na paa, mto uliopita karibu, hamamu, na roshani ya mbao iliyotazama bahari ambapo baba yake alipenda kutembea. Anakadiria kwamba watu wapatao 1,000 waliishi Mtoni.

Kitabu hicho ni hazina, lakini kisomwe kwa tahadhari. Mwandishi alikuwa binti wa mfalme, naye aliyaona mambo kutoka ghorofani. Katika watu 1,000 hao, wengi walikuwa watumishi na watumwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetuachia kitabu. Mwalimu awape wanafunzi zoezi: waieleze siku moja ya Mtoni kama ambavyo angeieleza mchota maji au mpishi. Zoezi hilo lisiwe la kubuni ovyo. Watumie vipimo vya kikundi cha kwanza, umbali wa kisima na jiko, na idadi ya vinywa vilivyopaswa kulishwa.

Hapa pia kikundi cha vipimo kitagundua jambo la kushangaza. Vyumba vya kale vya mwambao huu, hata vya wafalme, huwa virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko ulionyooka haufai kutumiwa kwa upana unaopita sana mita tatu. Kwa hiyo tajiri aliweza kurefusha chumba chake atakavyo, lakini upana wake ulipangwa na mti uliokatwa katika matope ya mikoko. Mawe ni ya matumbawe. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo kwa kuni nyingi. Ufundi huu ni wa watu wa mwambao; ulikuwapo karne nyingi kabla ya Masultani, na magofu ya Kilwa yanaushuhudia.

Maruhubi

Kiasi cha kilomita nne kutoka mjini, karibu na bahari, zimesimama nguzo za Maruhubi. Jumba hili lilijengwa na Sultan Barghash bin Said katika miaka ya mwanzo ya 1880, kwa ajili ya masuria wake. Ghorofa yake ya juu ilikuwa ya mbao, ikabebwa na nguzo nene za mawe. Moto uliteketeza mbao mwaka 1899. Nguzo zikabaki, pamoja na hamamu na mabirika.

Wageni husimuliwa Maruhubi kwamba masuria walikuwa 99. Hesabu hiyo hupendeza masikioni, na huwachekesha vijana; mwalimu asiiache ipite kama mzaha. Iwe idadi ni hiyo au siyo, hao walikuwa wanawake walionunuliwa au kutolewa, ambao hawakuulizwa kama walitaka kuishi hapo. Kila mmoja alikuwa na mama yake, lugha yake na kwao.

Barghash mwenyewe alitawala tangu 1870 hadi 1888, katika miaka ya misukosuko. Mwaka 1872 tufani kubwa iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka 1873, kwa kushurutishwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Maana yake ni kwamba Maruhubi ilijengwa baada ya soko kufungwa na kabla ya minyororo kukatwa.

Kurudi mjini

Ziara imalizikie Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, aliyoijenga Barghash mwaka 1883. Hapa vyumba vilipanuka, kwani chuma kilikuja kusaidia kazi iliyokuwa ya boriti, na taa za umeme zikawaka. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga mabomu majumba ya ufuko huu kwa muda usiofika saa moja, ili kumwondoa Khalid bin Barghash. Watu wa upande wake wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Wale waliojifanya wakombozi wa watumwa walionyesha siku hiyo nani aliyekuwa bwana mpya. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, majumba haya yalikoma kuwa mali ya ukoo mmoja, na baadaye yakafanywa makumbusho ya wananchi wote.

Hata hivyo mali ya wote huweza kukosa mlinzi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Kwa mara nyingine tena, jumba la mfalme lilidai roho za wafanyakazi.

Wapo wanaosema kwamba magofu ya Masultani ni kumbukumbu ya dhuluma, hivyo yaachwe yaanguke. Hoja hiyo ina uchungu wa haki, lakini haina faida. Sultani hahitaji nguzo za Maruhubi ili akumbukwe, kwani vitabu vinamtosha. Mchonga mawe, mchoma chokaa na mbeba boriti hawana kumbukumbu nyingine isipokuwa kazi ya mikono yao. Ukuta ukianguka, ushahidi wao umekwisha. Kwa sababu hiyo twapaswa kuyatunza majumba haya, na kuwapeleka vijana wakayapime kwa futi na kuyagusa kwa viganja vyao, na kila penye jina la aliyelala ndani, waulize habari za aliyejenga.