Guy alikuwa mtu

"Guys, mko wapi?" "Guys, nani ana chaja?" Nairobi nzima tunaitana hivyo, wavulana kwa wasichana, na ni wachache wanaokumbuka kuwa tunataja jina la mtu aliyenyongwa.

Guy Fawkes alizaliwa York, Uingereza, mwaka 1570. Akawa Mkatoliki wakati ambapo serikali ya Kiprotestanti iliwatoza Wakatoliki faini kwa kutohudhuria ibada za kanisa la taifa. Akaenda kupigana vita upande wa Uhispania, na huko akajiita Guido. Mwaka 1604 akajiunga na kikundi cha Robert Catesby kilichopanga kulipua Bunge la London siku ambayo Mfalme James I angelifungua. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 alinaswa chini ya Bunge la Mabwana akilinda mapipa 36 ya baruti. Alipoulizwa jina, akasema John Johnson. Wakamtesa. Sahihi zake bado zipo, na nimeona picha zake: ile ya baada ya mateso ni mikwaruzo tu, kama ya mtu ambaye mkono umekataa. Tarehe 31 Januari 1606 akauawa hadharani karibu na jengo lile lile.

Bunge likaamuru kila 5 Novemba iwe siku ya kumshukuru Mungu, amri iliyodumu hadi 1859. Watu wakawasha mioto na kuchoma sanamu. Kuna miaka sanamu ilikuwa ya Papa, lakini hatimaye Guy akaumiliki moto. Watoto walitengeneza "guy" wa matambara, wakamzungusha mitaani wakiomba senti za fataki. Kufikia miaka ya 1830, mtu aliyevaa ovyo aliitwa guy, na halikuwa jina la kumpa rafiki yako. Likawa hata kitenzi: ku-guy mtu, yaani kumfanyia mzaha.

Marekani ndiko lilikoondolewa makali. Huko Guy Fawkes hakuwa na uzito wowote, basi guy akawa jamaa tu, mwanaume yeyote. Karne ya 20 "you guys" ikaanza kuita kikundi chochote, hata cha wanawake watupu. Sababu moja naielewa: Kiingereza kiliacha "thou", kikabaki na "you" ya mmoja na ya wengi. Pengo lilihitaji kuzibwa.

Sisi hatukuwa na pengo. Tuna wewe, tuna nyinyi, na tukitaka kuita kundi kwa mapenzi tuna "jamani". Bado tukalichukua, na Sheng ikalivisha hadi likawa "maguys". Lakini kabla ya kucheka, angalia "msee". Limetoka kwa mzee, jina la heshima ya mvi na fimbo, na leo kijana wa miaka 16 ni msee. Guy alipanda kutoka kwa msaliti, mzee akashuka kutoka kitini, wakakutana kwa stage wakingoja matatu.

Wanawake wengi wa Kiingereza wamelalamika kwamba "guys" haiwahusu, na wengine wamejibu kwamba wingi wake unabeba kila mtu. Mimi naona wote wana hoja, kwa sababu wingi na umoja hazifanani. "Guys" ni sote. "A guy" ni mwanaume.

Ningependa kusema hilo ni tatizo la Kiingereza, maana Kiswahili hakina "he" wala "she". Yeye ni yeye. Lakini wasee wa mtaa ni sote, wasee wa chuo ni sote, halafu ukiniambia kuna msee ananingoja nje, natoka nikitafuta mwanaume. Angekuwa msichana ungesema dem.