Ngozi ya zeze: Fundi wa Voi atumie ipi?

TAKRIBAN asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1948. Kwa fundi wa ala za jadi anayefanya kazi mjini Voi, langoni mwa mbuga hizo, swali la kwanza si la sauti bali la ngozi: imetoka kwa mnyama gani?

Jina zeze hubeba ala mbili tofauti. Moja, inayopatikana pwani, ni ufito mpana wenye vinundu vya kubania uzi kwa vidole, uliofungwa kwenye nusu ya kibuyu. Mpigaji hukiegemeza kibuyu kifuani, kisha akadonoa nyuzi. Hili halihitaji ngozi.

La pili hupigwa kwa upinde, nalo ni ndugu wa orutu ya Waluo, wandindi ya Wagikuyu na endingidi ya Waganda. Wagogo wa Dodoma wana zeze la namna hii lenye nyuzi kadhaa, ambalo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka wa 2003, alilipeleka katika majukwaa ya Ulaya.

Kulitengeneza, fundi huchimba gogo dogo au hukata kibuyu, akawamba ngozi mbichi mdomoni na kuiacha ikauke kivulini. Hupitisha mpini ubavuni, akafunga uzi kutoka chini hadi kwenye kigingi cha kukazia, na kuuinua kwa kidaraja kinachokaa juu ya ngozi. Upinde huweza kufungwa nyuzi za mkonge, zao linalolimwa Mwatate, karibu na Voi. Nyuzi hizo hupakwa utomvu mkavu wa mti ili zikwaruze. Bila utomvu huteleza tu na ala haitoi sauti.

Tangu zamani, mafundi wengi wa Afrika Mashariki walipenda ngozi ya kenge, kwa kuwa ni nyembamba na hukazika vyema. Hapo ndipo penye hatari.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na biashara ya nyara mwaka uliofuata. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inaharamisha kumiliki nyara, au kutengeneza kifaa chochote kutokana nayo, bila kibali. Ngozi na manyoya yamo katika maana ya nyara, awe mnyama aliuawa au alikutwa amekufa. Kuokota si kibali. Aidha, kenge wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo mgeni anayenunua ala ya aina hiyo huenda akanyang'anywa mpakani.

Njia salama ni ngozi ya mbuzi, hasa mbuzi mchanga, kutoka machinjioni. Huparuzwa nyama na mafuta, hulowekwa, kisha huwambwa ikiwa bado na maji. Isipoparuzwa vya kutosha, sauti huwa nzito na ya kufifia.

Kwa hiyo anayejifunza ufundi huu hana budi kujifunza kuparuza ngozi kabla ya kujifunza kukaza uzi. Fundi mzee asiyemfunza hilo mwanafunzi wake humrithisha ala, na pamoja nayo kesi.