Kaseti za taarabu ya Mombasa: Tunahamisha sauti au tunafuta historia?

Wengi wanaohamisha kaseti za zamani kwenye kompyuta huifanya kazi hiyo kama ya usafi: mvumo unaondolewa, maneno ya utangulizi yanakatwa, wimbo unabakishwa, kisha kaseti inatupwa. Kwa taarabu ya Mombasa, mwenendo huo ni hasara. Sehemu kubwa ya muziki huo haikupitia kiwanda chochote cha santuri, wala hakuna kabati la kampuni lilikohifadhiwa toleo bora zaidi. Kilichopo ni kaseti iliyolala nyumbani mwa mtu. Hiyo ni hati ya historia, na anayeihamisha afanye kazi ya mhifadhi kwanza. Usafi utafuata baadaye.

Tuanze na jinsi tulivyofika hapa. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, sauti yake iliingia kwenye santuri zenye lebo na namba. Mombasa nayo baadaye ikawa na lebo ya Mzuri, ya kampuni ya Assanand & Sons. Kaseti, iliyozinduliwa na Philips mjini Berlin mwaka 1963, ilivunja utaratibu huo. Mwenye duka akiwa na mashine mbili na kaseti tupu, alikuwa na kiwanda chake. Mbwana Radio Service ya Mombasa ikauza kaseti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Maulidi Juma, na harusini watu wakarekodi wenyewe. Santuri ya zamani ilimbana mwimbaji ndani ya dakika tatu hivi kwa upande. Kaseti ya dakika 90 ilimpa dakika 45 kila upande, akazirefusha beti atakavyo. Na beti zenyewe zilikuwa na uzito: Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir, na Zein aliimba za Ahmed Sheikh Nabhany. Anayehifadhi kaseti hizi basi anahifadhi ushairi pamoja na muziki. Lakini uhuru huo ulikuja na gharama yake. Hapakuwa na daftari la kiwandani, na mara nyingi maandishi pekee ni yale ya kalamu juu ya karatasi ya kaseti, kama yapo.

Kaseti yenyewe inadai uangalifu. Utepe wake haufiki milimita 4 kwa upana, nao hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa kasi isiyofika sentimita 5 kwa sekunde. Katika upana huo mdogo, kaseti ya stirio hubeba njia nne za sauti. Kichwa kikiinama kidogo tu, mlio wa nyuzi za udi hufifia na maneno ya mwimbaji huanza kuparaganyika. Ndiyo maana kabla ya kurekodi, kichwa husafishwa kwa pamba na spiriti, kisha skrubu yake ndogo huzungushwa taratibu mpaka sauti nyembamba zisikike wazi, na kila kaseti hupimwa upya. Kisha kaseti isikilizwe mpaka mwisho wa kila upande. Vile vijino viwili vya nyuma vilivunjwa ili mtu asirekodi juu yake, lakini wengi waliziba matundu kwa selotepu na kurekodi harusi mpya juu ya ya zamani. Harusi mpya ikiwa fupi, mabaki ya ile ya kwanza huwa bado yapo mwishoni. Anayezima mashine wimbo ukiisha huyaacha nyuma.

Wapo watakaouliza: nani anataka kusikiliza mvumo na kelele? Hoja hiyo ina haki yake kwa msikilizaji wa jioni. Lakini kila kaseti iliponakiliwa kwenye nyingine, mvumo uliongezeka, kwa hiyo mvumo husaidia kutambua nakala iliyo karibu na ya mwanzo. Vigelegele navyo vina habari. Taarabu husema kwa mafumbo, na ukumbi unapolipuka kwenye ubeti mmoja na kunyamaza kwenye mwingine, tunajua fumbo lipi lilimfikia mlengwa. Nakala ya kwanza basi ibaki ghafi, na usafi ufanywe kwenye nakala ya pili. Kwa kiwango cha chini kinachopendekezwa na IASA, jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi wa sauti, yaani biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, saa moja ya stirio huchukua takriban gigabaiti 1. Diski za leo zinaimudu.

Wengine husema nyimbo hizi ziko YouTube tayari. Zilizopo huko ni zilizopendwa zaidi, nyingi hazina maelezo ya zilikotoka, na akaunti ikifungwa zinaondoka nayo. Wengine huhoji kwamba diski nayo hufa, ilhali kaseti imedumu miaka 40. Ni kweli, na kwa sababu hiyo kaseti isitupwe, na nakala ziwe mbili, mahali mbalimbali. Ila kaseti bila mashine haisemi neno. Mradi wa UNESCO na IASA kuhusu kanda za sumaku ulionya kwamba kufikia takriban mwaka 2025 mashine na vipuri vingekuwa adimu mno.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Wasanii walinufaika kidogo na kaseti zilizorudufiwa kiholela, na wanawake walioimba harusini waliwaimbia waliokuwamo ndani. Hoja hiyo inazuia kuchapisha; haizuii kuhifadhi. Faili inaweza kukaa na familia mpaka wenyewe waridhie.

Kwa hiyo kazi isianze na kaseti zenye majina makubwa, ambazo wengi wanazo. Ianze na zile zisizo na maandishi, na pembeni ya kompyuta aketi mtu mzima aliyehudhuria harusi hizo, aseme nani anaimba, nani alitunga, ilikuwa mtaa gani, na hayo yaandikwe pamoja na faili. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014 na Zein mwaka 2016. Mashine iliyoharibika fundi anaweza kuitengeneza. Jina ambalo halikuulizwa kwa wakati hakuna programu ya kulirudisha.