Titini: protini jitu ya msuli

Katika Soko la Toi, pembeni mwa Kibera, neno lastiki halihitaji kamusi. Suruali ya mtumba ikiwa imelegea kiunoni, fundi wa cherehani hufumua pindo, akaitoa lastiki iliyochoka na kupitisha mpya. Mtu wa Toi akiuliza titini ni nini, jibu la haraka ni hilo: ni lastiki iliyomo ndani ya misuli ya mifupa na ya moyo. Moyo unapojaa damu, titini huvutika, kisha huubana msuli usitanuke kupita kiasi.

Hata hivyo, "protini lastiki" haifai kuwa istilahi. Lastiki ya kiunoni haihisi kitu, ilhali titini huipa seli habari za mvuto na kuzishikilia nyuzi nyingine za msuli katika mpangilio wake. Isitoshe, ipo protini nyingine, elastini, inayoiwezesha ngozi na mishipa mikubwa ya damu kuvutika. Msomaji angezichanganya.

Majina mawili yalishindana tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970, Koscak Maruyama wa Japani aliiita konektini, kwa kuwa huunganisha. Mwaka 1979 Kuan Wang, nchini Marekani, akaiita titini, kutokana na Watitani, majitu ya hekaya za Wagiriki. Jina la pili ndilo lililoshika, na kwa Kiswahili linatamkika bila taabu. Maelezo yake ni "protini jitu". Kiambishi ji- tayari kinabeba ukubwa: mtu akipita kiasi huwa jitu. Ukubwa wenyewe ni wa kweli. Insulini ina asidi amino 51. Titini inaweza kuwa na zaidi ya 34,000. Hakuna protini inayojulikana katika mwili wa binadamu inayoizidi.

Hatari ya neno jitu ni kwamba linaashiria pia nguvu na ukatili. Anayesoma kwamba jeni ya protini jitu ina hitilafu atadhani amempata mhalifu. Kwenye moyo, dhana hiyo wakati mwingine ina msingi. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba takriban asilimia 25 ya wagonjwa wa moyo uliotanuka, ambao ugonjwa huo umo katika familia zao, wana hitilafu katizi kwenye jeni ya titini, yaani hitilafu inayoifanya seli iache kuunda protini kabla ya kufika mwisho. Mwaka 2016 hitilafu za aina hiyo zilipatikana pia kwa baadhi ya wanawake ambao moyo wao hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Hata hapo si hukumu: karibu mtu 1 katika kila 100 huishi na hitilafu kama hiyo, na wengi wao moyo hauwaletei shida.

Kwenye saratani mambo hubadilika. Jeni za uvimbe zilipoanza kusomwa kwa wingi, ile ya titini ilijitokeza mara kwa mara katika orodha za jeni zenye hitilafu, hata katika saratani ya mapafu. Sababu kubwa ni urefu. Makosa ya kunakili DNA yakitokea ovyo, jeni ndefu hupata mengi zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Broad Institute walieleza kasoro ya orodha hizo, ambazo zilitaja hata jeni za kunusa harufu: zilipuuza kwamba kasi ya makosa si sawa kila mahali kwenye DNA. Wataalamu hutofautisha hitilafu dereva, inayousukuma uvimbe ukue, na hitilafu abiria, iliyopanda tu safarini. Nyingi za titini ni abiria. Obskurini, protini jitu nyingine ya msuli, ina kesi tofauti: katika maabara, seli za titi zilizoikosa ziligoma kufa hata baada ya DNA yake kuharibiwa. Kwa hiyo kila jitu lipimwe kivyake.

Magonjwa haya mawili hukutana kwenye matibabu. Doksorubisini, dawa inayotumika kutibu saratani ya titi na nyinginezo, inaweza kuudhuru moyo. Utafiti wa mwaka 2019 ulikuta hitilafu katizi za titini kwa asilimia 7.5 ya wagonjwa ambao moyo wao ulidhoofika kutokana na tiba ya saratani, kiwango kinachozidi kile cha watu wa kawaida. Hapa titini haikuleta saratani. Ilihusika na jinsi moyo ulivyoistahimili dawa.

Basi istilahi moja haitoshi. Pendekezo langu ni kuandika "titini" kwa jina, "protini jitu" kwa maelezo ya urefu pekee, kisha kutenga "hitilafu ya kurithi", iliyomo katika seli zote za mwili, na "hitilafu ya uvimbe", iliyozuka ndani ya saratani tu. Mwandishi anayeripoti "hitilafu ya titini" bila kusema ni ipi kati ya hizo anaweza kumtia hofu ya moyo mgonjwa asiyehusika, au kuinyima familia nyingine sababu ya kwenda kupimwa.