Dinkinesh: Jiwe la angani lenye jina la Kihabeshi

Kati ya njia za sayari za Mirihi na Mshtarii kuna mawe yasiyohesabika yanayolizunguka jua, aghalabu yasiyo na jina. Moja kati ya hayo, lililo upande wa ndani wa ukanda huo, linaitwa Dinkinesh. Hilo ni neno la Kiamhari, nalo ni sifa ya mwanamke: "wewe ni wa ajabu". Ndivyo Waethiopia wanavyoyaita mabaki ya Lucy, mifupa ya miaka milioni 3.2 iliyofukuliwa Hadar mwaka wa 1974.

Asteroidi hiyo iligunduliwa mwaka wa 1999 na mradi wa LINEAR huko New Mexico, Marekani, ikajulikana kwa nambari tu hadi 2023. Mwaka huo shirika la NASA lilihitaji shabaha ya kukijaribia chombo chake, ambacho pia huitwa Lucy, kilichorushwa Oktoba 16, 2021 kwenda kuzichunguza asteroidi za Trojan zinazoandamana na Mshtarii. Chombo hicho huipita kila asteroidi kwa kasi kubwa, kikiwa mbali mno kuelekezwa kutoka duniani kwa wakati ufaao. Hivyo sharti kiitambue shabaha na kugeuza kamera chenyewe. Kikiikosa, safari ya miaka kadhaa imeambulia patupu, maana hakirudi nyuma.

Novemba 1, 2023, Lucy ilipita kilomita 430 hivi kutoka Dinkinesh, ikienda kilomita 4.5 kwa sekunde. Jaribio lilifaulu. Picha zilionyesha jiwe lenye upana wa takriban mita 720, lililozungukwa na tuta kiunoni, na kando yake mwezi! Zilizofuata zikafichua kuwa mwezi wenyewe ni mawe mawili yaliyogusana, kila moja likiwa na upana wa mita 220 hivi. Mwezi wa aina hiyo haukuwa umewahi kuonekana ukizunguka asteroidi.

Wanasayansi wanaamini kuwa miale ya jua iliongeza kasi ya mzunguko wa Dinkinesh kidogo kidogo, hadi vifusi vikamwagika kutoka kiunoni. Vingine vilirudi vikawa tuta, vingine vikaungana kuwa mwezi.

Mwezi huo umepewa jina la Selam, yaani amani. Neno lenye asili moja na "salama" na "salamu" zetu. Selam ni mtoto ambaye mabaki yake yalipatikana Dikika, Ethiopia, mwaka wa 2000. Wengi humwita mtoto wa Lucy, ijapokuwa aliishi kabla yake.

Lucy iliipita asteroidi ya pili, Donaldjohanson, Aprili 20, 2025. Trojan ya kwanza, Eurybates, inatarajiwa kufikiwa Agosti 2027.