Bwana wa Hatfield na mpaka wa Tunduma

Bibi yangu, Mnyamwanga, alizaliwa Nakonde akaolewa Tunduma. Ukisimama uani kwake unaliona paa la nyumba ya marehemu mdogo wake, ng'ambo, Zambia. Siku ya mazishi bibi alikwama akisubiri karatasi ya kuvukia. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kwa hiyo nilipomweleza kwamba tasnifu yangu ya uzamili inamhusu mmoja wa waliokubaliana mstari huo upite, aliuliza, "Alifika huku?"

Hakufika. Robert Cecil, Markizi wa tatu wa Salisbury, alizaliwa mwaka 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini mwa London, kwenye ukoo uliotoa mawaziri tangu enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Huko shuleni Eton wenzake walimtesa hadi baba yake akamwondoa. Mwaka 1857 alimwoa Georgina, binti wa jaji; baba hakuridhia, na mtoto wa jumba kubwa akawa anaandikia majarida ili apate fedha za matumizi. Nakiri, kufikia hapo nilishaanza kumpenda.

Mwaka 1890 alikuwa waziri mkuu, na papo hapo waziri wa mambo ya nje. Shuleni tulifundishwa kwamba mkataba wa Julai 1 mwaka ule ulihusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Hatukuambiwa kwamba ulituhusu na sisi. Waingereza walitaka Barabara ya Stevenson, iliyoanza kujengwa mwaka 1881 kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki kwao. Basi mpaka ukapanda na Mto Songwe, ukakatiza nyanda za juu, ukashukia Mto Kalambo.

Agosti, katika hotuba London, Salisbury alitania kwamba mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawiana milima, mito na maziwa bila kujua hasa viko wapi. Wanafunzi wenzangu huona hapo unyenyekevu. Mimi sioni. Asiyejua husameheka, huyu alijua kwamba hajui, akacheka, na mikataba ikaendelea. Tena kwetu alijua kitu kimoja vizuri sana, barabara. Wapima walikuja mwaka 1898, miaka minane baada ya ardhi kugawanywa.

Leo malori ya Harare, mji ulioitwa Salisbury hadi mwaka 1982, yanapanga foleni karibu na kwa bibi. Nilimsimulia yote haya akichambua maharage. Hakuonekana kujali sana habari za mikataba.

"Na yeye alizikwa wapi?"

"Kwao, bibi. Alifia Hatfield mwaka 1903, wakamzika palepale, kando ya kanisa, jirani na jumba alimozaliwa."