Makao ya Serikali Yaliyohamahama

Familia ya mtaa wa Shangani, Mtwara, inayotaka kuwaonyesha watoto mji wa kale wa utawala haina haja ya kulala kwenye basi la Dar es Salaam. Inapanda daladala ya Mikindani, kilomita 11 hivi kwa barabara ya Lindi, na kabla wadogo hawajaanza kulalamika njaa, ghuba imeshatokeza mkono wa kulia. Mikindani haikuwahi kuwa mji mkuu wa nchi. Lakini kwa mtu wa pwani hii, wa kijiji cha Msimbati kwa mfano, serikali ilikuwa na sura moja tu kwa muda mrefu: nyumba nyeupe iliyo juu ya ghuba ile. Kodi ililipwa huko, kesi zilisikilizwa huko, na aliyefungwa alifungiwa huko.

Nyumba hiyo ni Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Miaka mitano kabla, Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 ili imiliki ukanda wa pwani, na sasa ilitaka watu wauone umiliki huo kwa macho. Ndiyo maana jengo limewekwa mlimani, lina mnara, na kuta zake ni nene kuliko mahitaji ya karani yeyote. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, hawakuona sababu ya kujenga jingine. Walirithi viti, wakaendelea.

Leo Boma ni hoteli. Lilikuwa limeachwa likachakaa, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja la hisani la Uingereza lilipoanza kulikarabati. Mgeni anaruhusiwa kupanda mnarani, na ni vizuri apande, kwa sababu kutoka juu ndipo mtu anaelewa kwa nini mji uko hapa: mdomo wa ghuba ni mwembamba, ndani maji yametulia, na jahazi likishaingia halina wasiwasi na pepo za nje.

Majahazi hayo ndiyo yaliyoujenga mji muda mrefu kabla ya Mjerumani. Wayao walishuka na misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa wakileta pembe na watumwa. Pwani ikaongeza sandarusi, ufuta na mpira. Utajiri huo bado unaonekana katika magofu ya nyumba za matumbawe na chokaa, na katika milango michache ya nakshi iliyosalia. Mzazi anayepita hapo na watoto asiwafiche neno watumwa. Mji huu haueleweki bila hilo.

Watembeza wageni wengi huanzia kwenye nyumba yenye kibao kinachomtaja David Livingstone. Kisa chenyewe ni kizuri kuliko kibao. Machi 1866 Livingstone alifika kwenye mlango wa Mto Ruvuma akitaka kuingia bara kwa njia hiyo, akakuta mikoko na matope yasiyomruhusu kushusha wanyama. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama, nyumbu 2 na punda 4, kwa kuwa alitaka kujaribu kama watastahimili mbung'o. Basi akageuza, akaja kuwashusha Mikindani. Fikiria siku ile, ngamia wanatembezwa mbele ya watu ambao pengine hawajawahi kumwona hata mmoja! Wengi wa wanyama hao walifia njiani.

Lakini katika kundi lile alikuwamo kijana Myao, Chuma, aliyekuwa ameokolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, na mwenzake Susi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 ndani kabisa ya nchi ambayo leo ni Zambia, hao wawili waliwaongoza wenzao kuubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Safari yao ilikuwa nzito kuliko ya bwana wao, na kibao kingewatosha wote.

Kilichoipokonya Mikindani serikali yake kilikuwa karanga. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa kuzilima Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mzigo wa Nachingwea ulihitaji reli na bandari ya meli kubwa. Mikindani ilifaa majahazi. Kina kilikuwa Mtwara. Mji mpya ukachorwa kwenye karatasi, mitaa mipana, viwanja vikubwa, na ofisi za wilaya zikahama. Katika miaka ya 1950 hata makao ya Jimbo la Kusini yalitoka Lindi yakaja Mtwara.

Karanga hazikuja. Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Bandari ilikamilika mwaka 1954 ikiwa na gati la mita 385 na hakuna shehena ya kuitosha. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ramani ndiyo iliyobaki. Shangani ilikuwa sehemu ya Wazungu, nyumba zimeachana ili upepo wa bahari upite, na mpaka leo anayetoka mtaa wa Majengo, ambako nyumba zimebanana, anaiona tofauti hiyo bila kuelezwa.

Kuna hata aliyetaka makao makuu yake peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mzee mmoja Mwingereza aliyeishi Msimbati, Latham Leslie-Moore, alitangaza kwamba sehemu ile ni dola huru, akapandisha bendera yake. Hakuna aliyemtambua. Watoto hukipenda kisa hiki kuliko vingine vyote, na ukweli ni kwamba wazazi pia hukipenda.

Njia ya kwenda Msimbati, kwa familia iliyobakiwa na saa kadhaa za mchana, hupita karibu na Madimba, penye mtambo wa gesi asilia. Gesi hiyo iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2013, ilipothibitishwa kwamba itasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, wakazi wa Mtwara waliandamana, vurugu zikazuka, jeshi likaletwa. Bomba lilijengwa hata hivyo, zaidi ya kilomita 500, likaanza kazi mwaka 2015. Mtambo wa Madimba husafisha gesi hiyo kabla haijaanza safari ya kwenda kaskazini.